Lundo Lililovaa Shati

Asubuhi ile lundo lilipoanza kutoa moshi, watu wa Gatete walisema, basi, Scovia naye ameshindwa, amewasha. Walikuwa wamemcheka tangu mavuno. Mpunga ukishapurwa, mabua huchomwa. Ndivyo walivyofanya baba zao, na kila mwaka bonde lote, kutoka barabara ya Bujumbura hadi ziwani, huwa jeusi kama sufuria ya kuchemshia mawese. Scovia peke yake ndiye aliyeyakusanya ya kwake, akayalowesha, akayapanga tabaka kwa tabaka katikati ya jaruba lake la mpunga na kuyafunika kwa majani ya migomba, kama mtu anayelaza mgonjwa. Kwa hiyo moshi ulipoonekana walifurahi kidogo, vile watu wanavyofurahi mwenzao mkaidi anaporudi kundini.

Ila moshi ule haukuwa na harufu ya moshi. Ulipanda mweupe na mzito, ukasimama pale pale, ingawa upepo wa ziwa ulikuwa ukipiga na kulaza nyasi. Na chini yake hapakuwa na moto.

Evangelina, mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikaribia. Alivua kandambili ukingoni, akatembea juu ya visiki vya mpunga bila haraka, akaingiza mkono kwenye lundo hadi kiwikoni. Akakaa hivyo, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Alipoutoa mkono hakuufuta.

"Lina joto," akasema.

"Ni ile kuvu niliyoyamwagia mabua, mama. Papa Lukeba alituambia. Ikishika kazi, lundo linapata joto lenyewe."

"Joto la moto nalijua, Scovia. Nimepika maisha yangu yote. Hili si la moto." Akautazama mkono wake. "Hili ni la mtu."

Scovia akarudishia jani la mgomba lililofunuka. Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayapa kiti.

Nyumba yao ilikuwa na jambo lisilosemwa, na jambo hilo liliitwa Boaz. Boaz alikuwa mume wa Scovia na mtoto wa mwisho wa Evangelina, mwenye mkono mzito uliozamisha kila mche alioupanda. Kabla ya mavuno alitoka na mtumbwi wa watu kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Wenzake walisema aliinama kuvuta wavu, na walipogeuka palikuwa na nafasi yake tu. Hakuna aliyesikia maji yakigonga. Walimtafuta hadi Gitaza, wakauliza kwenye vichanja vya ndagala, wakapiga makasia katikati ya michikichi iliyofia majini tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za chini. Unapopita pale ukitazama ndani ya maji unaona mabati ya paa, na milango iliyo wazi. Boaz hawakumwona.

Sasa, kwa desturi ya kwetu, nyumba ikifiwa jembe hulazwa chini. Hakuna alimaye mpaka marehemu azikwe na wafiwa wapite kwenye maji, *guca ku mazi*, wanawe uso na mikono, ndipo kazi irudi. Lakini Evangelina alikuwa amezika watu wengi mno kambini Tanzania, mume na watoto, na alirudi Burundi akiwa na huyu mmoja. Watu walipokuja kukaa naye aliwatoa mlangoni.

"Amahoro, karibuni. Aliyekufa ni nani?" aliwauliza. "Mumemwona? Mimi sijamwona." Kisha akamgeukia Scovia mbele yao wote. "Shika jembe."

Scovia akalishika. Akavuna mpunga wa mume wake bila kujua kama yeye ni mke au mjane, na kilio chake akakiweka kwa siku za kumenya vitunguu.

Kuhusu kuvu, sababu ilikuwa Rachelle. Binti yake huyo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika sketi ya mama, bonde lilipochomwa msimu uliopita alikuwa akipumua kwa filimbi. Scovia alikesha amemshika wima kifuani, akihesabu kila pumzi kama deni. Ndipo kwenye darasa la jioni kanisani, Lukeba, Mkongomani wa Fizi aliyekuwa akilima huku Rumonge tangu vita vimtoe kwao, akaonyesha mfuko wa wali uliogeuka kijani kwa kuvu.

"Musicheke," Lukeba aliwaambia. "Hii iko champinyo, kama uyoga, lakini ya kazi. Unaimwangia mabua, unaweka na mavi ya ngombe, inakula yote. Yenye inabaki, mupunga inapenda sana."

"Champinyo ya kula watu?" mtu mmoja nyuma aliuliza, na darasa likaangua kicheko. Scovia hakucheka. Alikuwa akiwaza msimu usio na moshi.

Kwa hiyo sasa lundo lilikuwa likifanya kazi, na miche ilikuwa kitaluni ikiota mizuri, na lililobaki lilikuwa moja: maji. Maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Tadeo, mgawa maji, alipita na koleo lake begani, akasimama ukingoni.

"Mama Rachelle, zamu yenu ni mwezi ujao, baada ya Sabato ya pili. Hilo jumba lako liwe limetoka katikati ya jaruba, na miche iwe tayari. Nikifungua na hamjajiandaa, maji yatakwenda kwa wengine."

"Litakuwa limetoka."

"Na yakienda, ujue hayarudi msimu huu. Mtakula hayo majani."

Alisema kwa utani, lakini Scovia alijua si utani. Jaruba lile ndilo sahani yao. Lilikuwa la Evangelina, kwa mgao aliopewa aliporudi, na hawakuwa na lingine.

*

Lundo likaanza kushuka. Kila siku lilipungua, kama Lukeba alivyosema, kwa sababu kuvu ilikuwa inakula kutoka ndani. Ila halikushuka sawasawa. Upande mmoja likabaki juu na mviringo, katikati likabonyea, mbele likanyooka na kugawanyika mara mbili. Scovia aliliona hivyo jioni moja akitoka kitaluni, akageuza uso haraka. Alipogeuka tena lilikuwa mabua tu. Alipoacha kulikazia macho, likawa tena mtu aliyelala chali.

Evangelina alikuwa amehamia pale. Alileta mkeka wake akauweka kando ya lundo, mgongo wake ukaegemea lile joto, naye akachambua maharagwe huku akizungumza kwa sauti ya chini, sentensi moja, kisha kimya cha urefu wa jibu, kisha sentensi nyingine.

"Unaongea na nani, mama?"

"Unanisikia nikiongea peke yangu?"

"Nakusikia."

"Basi sikiliza vizuri."

Scovia akasikiliza, kwa heshima. Ndani ya lundo kulikuwa na sauti: vijibua vikikatika, kitu kikishuka juu ya kingine, hewa ikitafuta njia. Ilikuwa sauti ya mtu anayejigeuza kitandani asiamshe wenzake. Boaz alikuwa na tabia hiyo. Scovia akaenda kumwagilia miche ambayo alikwisha kuimwagilia.

Siku ya pili yake Evangelina alitoa shati la Boaz sandukuni. Lilikuwa shati jeupe la pamba, la kanisani, alilolivaa siku Rachelle alipobarikiwa. Akalilaza juu ya lundo, mikono imenyooshwa, akalifunika kwa jani la mgomba. "Asubuhi kuna baridi," alisema tu.

Mvua ndogo ikanyesha, kisha jua, kisha mvua. Scovia alipofunua jani, kola ilikuwa imekuwa ya kijani. Alipofunua tena, shati lilikuwa limezama, limeshikana na mabua, na nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele za mtoto zilikuwa zikipita ndani yake na kutoka. Na siku moja alifunua akakuta mishono tu, ile mishono ya uzi wa dukani, imechora shati hewani juu ya lundo: bega, mkono, mfuko. Katikati ya mishono hapakuwa na kitu.

Alihisi mtu nyuma yake.

"Amelivaa," alisema Evangelina.

Uso wake ulikuwa umelowa. Tangu Boaz apotee, Scovia alikuwa hajaona chozi la mwanamke huyu. Evangelina alitazama lile umbo chini, akalia bila sauti, kwa muda mrefu, kisha akajifunga kitenge kiunoni, akaenda nyumbani, akachukua jembe lililoegemea ukuta na kulilaza chini kizingitini.

"Mwanangu amerudi," aliwaambia majirani walipofika. "Waiteni watu. Jembe chini."

*

Habari ya namna hiyo haihitaji mguu. Watu wakaja, wakakaa ukingoni mwa jaruba, na wengi walikuja kuona. Walikuja wakiwa na vicheko midomoni, lakini walipofika karibu na lundo vicheko vilikauka. Mmoja aliweka kiganja chake juu, akakitoa haraka na kukificha kwapani. Hakuna aliyethubutu kusema ni mabua. Na kwa kuwa msiba ulikuwa umetangazwa, majembe ya majirani wa karibu nayo yakalala.

"Basi tumzike, mama," Scovia aliomba. Alikuwa ameshika Rachelle, na Tadeo alikwisha kupita tena kukumbusha zamu. "Kama ndiye, tumzike, tupite kwenye maji, tupande."

Evangelina alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kutoka kwa mtoto mwema.

"Mtu mwenye joto hazikwi, mukazana, mkwe wangu."

Hapo ndipo fundo lilipokaza. Msiba ulikuwepo, mazishi hayakuwepo, jembe lilikuwa chini, na maji yalikuwa njiani.

Scovia alimwachia bibi mtoto, akaenda kwa Lukeba. Alimkuta akikaanga ndagala nyuma ya nyumba, akamweleza yote, pamoja na shati. Lukeba aliacha mwiko ndani ya karai.

"Shati ya pamba?"

"Ya pamba."

"Ee Mungu. Mama Rachelle, pamba iko majani. Mafundi waliisokota tu. Ile kitu haijue kama hii iko mabua na hii iko nguo ya dimanche, ya kanisa. Inakula yote." Akakuna kichwa. "Ningewaambia. Lakini nani angefikiri mutu ataivalisha?"

"Hilo nilikuwa nimeshalielewa, papa Lukeba. Kichwani. Ila nikilitazama..." Akashindwa kumaliza.

"Na mimi niko naogopa kidogo," Lukeba alisema, na hakuwa akitania. "Uliweka mukono leo?"

"Siweki mkono."

"Weka. Siku zimeisha. Itakuwa imepoa. Ikimaliza kula, inapoa. Ikipoa iko udongo, na udongo unaimwanga mu shamba." Akatoa ndagala kabla hazijaungua, akamfungia chache kwenye jani. "Kwa mutoto."

Scovia alirudi akipita njia ya juu. Alasiri ilikuwa tulivu mno; hata kunguru wa kwenye michikichi walikuwa kimya. Waliokaa msibani walikuwa wameenda kula. Kutoka mbali aliona mkeka, akaona mgongo wa Evangelina, akasikia bembelezo la Kirundi ambalo Boaz naye alikuwa akiliimba vibaya. Lakini Rachelle hakuonekana.

Alipofika ndipo alipomwona. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya lundo, pale kwenye mviringo wa bega, amelala fofofo, mdomo umefungwa. Alikuwa akipumua kimya kabisa, bila filimbi.

"Usimwamshe," Evangelina alinong'ona. "Baba yake anapoa. Nimemletea mwanawe ampashe."

Scovia aliziweka chini zile ndagala. Aliinama, akapitisha mikono chini ya mtoto, akainua. Mtoto hakuja. Kwa muda mfupi tu, mfupi kama kope kupepesa, gauni lilibaki limeshikwa. Kisha likaachia, kwa sauti ndogo ya kitu kinachobanduka, na Scovia akarudi nyuma mpaka kisigino kikagonga ukingo wa jaruba. Alimgeuza Rachelle. Mgongoni mwa gauni, kitambaa kilikuwa kimeliwa kwa umbo la yai, na kingoni mwa tundu kulikuwa na nyuzi nyeupe zinazotikisika. Ngozi chini yake ilikuwa safi, nyororo, na baridi.

"Umemleta leo tu?" aliuliza.

"Kila ukienda kitaluni. Huoni alivyoacha kukohoa?"

Scovia alimbana mtoto kifuani hadi akaamka na kulalamika. Alikuwa na maneno ya Lukeba mdomoni, pamba iko majani, na alijua ni ya kweli, na alijua pia hayangeingia. Angeweza kuchukua jembe pale kizingitini na kulivunja lundo lote kabla watu hawajarudi. Mikono ilimwasha. Lakini alimwona yule mwanamke alivyokuwa ameinama, akisugua yale mabua kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayesugua miguu ya mtoto aliyetolewa mtoni, na hasira yake ikakosa pa kukaa.

Akamfunga Rachelle mgongoni. Akapiga magoti upande wa pili wa lundo, na kwa mara ya kwanza akaingiza mkono.

Hapakuwa na mabua tena. Kulikuwa na kitu cheusi, laini, chepesi, kinachonukia msitu baada ya mvua, na kilikuwa baridi. Mkono ulipoingia zaidi, harufu nyingine ikapanda, ya shingo ya Boaz akitoka kukamua mawese, na Scovia alibaki hivyo, macho yamefumbwa, mpaka ikapita.

"Mama," akasema. "Mimi sijui kama huyu ni Boaz. Nikikuambia ninajua nitakuwa mwongo. Shati limeliwa na kuvu, na gauni la mtoto nalo. Hilo ninalijua."

"Wewe na Mkongomani wako."

"Lakini weka mkono hapa. Ndani kabisa. Niambie wewe."

Evangelina aliacha kusugua. Akaingiza mkono, na mle gizani ndani ya lundo vidole vyake vikakutana na vya Scovia. Hakuviondoa.

"Umewashika wangapi kule kambini wakipoa, mama?"

Vidole vya Evangelina vikakaza juu ya vyake.

"Kuna aliyepashwa akarudi?"

Upepo uliinuka kutoka ziwani, ukafunua majani ya migomba, ukayaacha. Evangelina alikuwa amefumba macho. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ya mwanamke aliyechoka, siyo nyingine.

"Hapana," alisema. "Aliyepoa, kapoa." Kisha, baada ya kufuta pua kwa ncha ya kitenge: "Tutamlaza wapi? Sina mahali pengine zaidi ya hapa."

"Hapa hapa. Shamba zima."

"Atatosha?"

"Lukeba anasema anatosha."

"Lukeba, Lukeba," bibi alinung'unika. "Kamwambie Lukeba mwanangu habebwi kwa koleo kama mchanga. Alete watu na *ingobyi*."

*

Kwa hiyo alibebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka inayobeba wagonjwa na wafu wa milimani. Wanaume wanne walipokezana mabegani, na wengine wakafuata wakiwa kimya. Walichota ule udongo mweusi kwa mikono, wakaulaza kwenye machela, wakautembeza hadi kona ya jaruba, wakaumwaga taratibu, wakarudi kwa mwingine. Mchungaji aliomba kwa kifupi, maana hakujua aombe nini hasa. Waliomcheka Scovia walikuwa wamo ndani, miguu mitupu, wakisambaza. Mmoja alimwambia mwenzake, "Huu udongo, ndugu yangu, hata mimi ukinizika humo sitakataa," na mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze, lakini wote wawili waliunusa tena.

Lukeba alibeba zamu yake bila kutoa somo hata moja.

Baada ya Sabato Tadeo alifungua mfereji. Maji yaliingia alfajiri, ya kahawia, yakitambaa juu ya weusi kama yanayopapasa njia. Evangelina hakuwa amegusa maji ya ziwa tangu Boaz apotee, na wafiwa hunawa ziwani, kwa hiyo watu walikuwa na wasiwasi atanawaje. Aliingia jarubani, akainama, akanawa uso, mikono, shingo, kwa maji yaliyokuwa yakipita juu ya mwanawe. Scovia akanawa baada yake. Akamnawisha Rachelle, naye akacheka kwa baridi ya maji. Jembe likainuliwa kizingitini.

Wanawake walikuja kusaidia kupanda. Kamba ikavutwa, wakajipanga mstari, kila mmoja na fungu lake la miche, wainame na kurudi nyuma pamoja kama ilivyo kawaida. Scovia alisimama karibu na mama mkwe wake.

"Sogea," Evangelina alisema. "Acha nafasi ya mtu mmoja."

"Patabaki pengo, mama."

"Acha."

Akaacha. Hakuwa na moyo wa kubishana siku hiyo. Wakainama. Mche, kidole, tope, mche, kidole, tope, hatua nyuma. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado juu ya maji na kila mmoja aliona mikono yake tu. Jirani mmoja alianzisha wimbo wa kanisani, ukafa, ukafufuka mbele kidogo. Mara kwa mara, upande wa lile pengo, Scovia alisikia maji yakitikisika, akadhani ni miguu ya Evangelina. Hakutazama. Migongo ilipowauma walikuwa wamefika ukingoni, wakapanda juu, wakajinyoosha, na jua likafungua ukungu.

Mistari ilikuwa imenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Scovia aliitafuta sehemu yake, akaiona. Akaitafuta ya mama mkwe wake, akaiona. Katikati ya sehemu hizo mbili palikuwa pamepandwa, miche imesimama wima, kwa nafasi ile ile, imechomekwa chini kidogo kuliko mingine, vile anavyopanda mtu mwenye mkono mzito.

Alimtazama Evangelina. Bibi alikuwa ameketi ukingoni akisugua tope vidoleni mwa miguu, na Rachelle amesimama ameshika bega lake, akivuta skafu yake.

"Mama," Scovia alianza.

"Imeota vizuri kitaluni hii miche," alisema Evangelina bila kugeuka. "Imebaki mingapi? Mpe jirani yako, isikauke."